Sentimita 22: siku nane na rada kwenye uwanja wa makombora

Siku ya kwanza

Tumefika magharibi, vumbi limeingia hadi ndani ya masanduku ya vifaa. Uwanja ni wa zamani wa mazoezi ya mizinga: wapigaji walikaa kwenye mwinuko, makombora yakaangukia bondeni na kwenye mteremko wa mbele. Mengi yalilipuka kama yalivyotakiwa. Yaliyogoma ndiyo yaliyotuita.

Wenzetu waliotangulia walipita hapa na magnetomita, wakatuachia orodha ya pointi 63 zenye chuma chini yake. Orodha yao haisemi zaidi ya hapo. Magnetomita husoma usumaku wa dunia, ambao huwa kati ya nanotesla 25,000 na 65,000 kutegemea mahali ulipo, na chuma kilichozikwa huupotosha kidogo. Upotovu huo unaweza kuwa kombora zima lenye fyuzi, yaani kiwashio cha kulilipua, au kipande cha ganda la kombora lililolipuka zamani. Kwenye uwanja wa shabaha, vipande ndivyo vilivyojaa, na mteguaji hana budi kukichimba kila kimoja kana kwamba ndicho kitakachomuua.

Kazi yangu ni kuipitisha rada juu ya pointi hizo na kusema: hiki ni kirefu, hiki ni kidogo, hapa kuna shimo lililofukiwa, hiki kiko kina fulani. Nimekuja na imani kubwa, sitaficha.

Kiongozi wa timu ni dada asiyepoteza maneno. Simu zimezimwa langoni. Mawe yaliyopakwa rangi nyeupe yako upande uliosafishwa, mekundu upande wa hatari, na hakuna sababu yoyote ya kuvuka, hata kofia ikipeperushwa na upepo. Kisha akanipeleka kwa mteguaji mkongwe wa timu, ambaye kila mtu anamwita Mzee. Mzee aliuzunguka mkokoteni wa rada, akainama kutazama sanduku la antena lililo chini yake.

"Hii inaona bomu?"

"Inaona, Mzee."

"Haya."

Siku ya pili, mstari wa majaribio

Kabla ya kugusa pointi hata moja, kifaa lazima kithibitishwe kwa vitu ambavyo sisi wenyewe tumevizika. Tulichagua sehemu safi karibu na kambi, tukachimba mashimo matatu: bomba la chuma kwenye kina cha sentimita 20, kombora la mota (mzinga mfupi unaorusha juu) la milimita 81 lisilo na baruti kwenye sentimita 50, na jingine kama hilo kwenye sentimita 80. Tukafukia, tukashindilia, nikaanza kuvuta.

Kijana anayenisaidia kushika kamba hajawahi kuiona rada ikifanya kazi, akawa anachungulia skrini begani kwangu. Nilimweleza hivi. Antena inapiga wimbi fupi la redio kwenda chini, kisha inasikiliza. Wimbi likikuta kitu kisichofanana na udongo ulioko juu yake, sehemu yake inarudi kama mwangwi. Mashine inapima muda wa kwenda na kurudi kwa nanosekunde, yaani sehemu ya bilioni ya sekunde, na kila hatua ya gurudumu inachora ufito mmoja wa wima kwenye skrini. Ukitembea, fito zinapangana na kuwa picha.

"Mbona bomba halionekani kama bomba?" akauliza.

Swali zuri. Kwenye skrini bomba lilikuwa upinde, kama nyusi. Wimbi la antena hutawanyika kama mwanga wa tochi, kwa hiyo rada inaanza kukiona kitu kabla haijafika juu yake. Kwa mbali mwangwi unachelewa, na ndiyo maana ncha ya upinde iko chini. Unaposogea unawahi, upinde unapanda. Ukishapita unachelewa tena. Kilele cha upinde ndipo kitu kilipo. Antena yetu ni ya megahezi 400, na katika udongo huu urefu wa wimbi lake ni kama sentimita 31. Robo yake, ambayo ndiyo kipimo kidogo zaidi inachoweza kukipambanua, ni kama sentimita 8, unene uleule wa kombora lenyewe. Usitegemee kuona mabawa wala pua. Utaona nyusi.

Kombora la sentimita 50 lilirudisha mwangwi baada ya nanosekunde 8. Kwenda na kurudi ni sentimita 100, kwa hiyo wimbi lilisafiri sentimita 12.5 kwa nanosekunde. Hewani lingekwenda kama 30. Udongo hulipunguza kasi, na maji hulipunguza kupita kitu kingine chochote cha kawaida kilichoko ardhini: kwenye maji matupu kasi hushuka hadi karibu sentimita 3.3. Niliandika 12.5 kwenye jalada la daftari, kwa kalamu ya wino mzito, nikaipigia mstari mara mbili.

La sentimita 80 lilionekana pia, kwa shida. Nililala nikiwa na furaha.

Siku ya tatu

Siku mbaya. Pointi 1 hadi 11 ziko bondeni, na bondeni ni udongo wa mfinyanzi, mweusi, unaong'ang'ania magurudumu. Rada ilionyesha mistari safi hadi kama sentimita 30, kisha ukungu. Nikaongeza nguvu ya kukuza mwangwi, ukungu ukawa mweupe zaidi. Nikarudia mistari, nikabadilisha betri, nikakagua waya ingawa nilijua waya ni nzima.

Mfinyanzi wenye unyevu hupitisha umeme, na nguvu ya wimbi inaishia humo kama joto kidogo lisilo na faida kwa mtu. Udongo wenye chumvi hufanya vivyo hivyo. Antena ya megahezi chache ingefika chini zaidi kidogo, lakini ingevikosa vitu vidogo ninavyovitafuta.

Hatari ya siku kama hii ni kwamba skrini tupu inafanana sana na ardhi tupu. Nimewahi kuona ripoti ambayo mtu aliandika "hakuna kitu" mahali ambapo alipaswa kuandika "sikuona kitu". Kwa hiyo kwenye safu ya maelezo, pointi zote 11, niliandika: rada haifai hapa, zichimbwe kwa taarifa za magnetomita peke yake. Kuandika hivyo siku ya kwanza ya kazi, mbele ya watu waliobeba mkokoteni wako mabegani kuvuka mtaro, kunatia haya.

Mzee alisoma, akatikisa kichwa taratibu. Sikuweza kujua kama ni kwa kukubali au kwa kunisikitikia.

Siku ya nne

Leo tumepanda mteremkoni, kwenye mchanga, na mashine imekuwa mashine nyingine. Pinde zilichomoza moja baada ya nyingine, nyeusi na nyeupe, kali kama zimechorwa kwa wembe. Tumemaliza pointi 12 hadi 30, na ningeweza kuandika kurasa kumi juu ya siku hii peke yake. Nitaandika juu ya tatu tu.

Pointi 17. Nilivuta mistari ya kaskazini kwenda kusini, nikapata mwangwi uliolala bapa, kama tabaka dogo la mchanga mgumu, na nilikaribia kuuacha. Kanuni yetu ni kuvuta pia mistari inayokatiza, mashariki kwenda magharibi, kwa nafasi ya nusu mita. Katika mistari hiyo lilitokea upinde kamili. Kitu kirefu kikipitiwa kwa urefu wake hujionyesha kama mstari. Kikikatizwa ndipo kinapopinda. Tena antena yenyewe husikia vizuri zaidi kitu kilicholala sambamba na fito zake za ndani, na fito hizo zimekaa kwa kukingama na mwendo wa mkokoteni. Mtu anayevuta upande mmoja ili awahi kumaliza anaacha nusu ya ukweli ardhini.

Pointi 23. Upinde mzuri kabisa, wenye nguvu, kama mita mbili kutoka kwenye pointi ya magnetomita. Kijana alishafurahi. Nilimwonyesha rangi: miangwi ya chuma katika mstari wa majaribio ilianza na nyeusi, ikafuata nyeupe, kisha nyeusi. Huu ulikuwa nyeupe, nyeusi, nyeupe. Wimbi likitoka kwenye udongo na kugonga chuma hurudi limegeuka juu chini. Likitoka kwenye udongo na kuingia hewani hurudi bila kugeuka. Tulichokiona ni uwazi, shimo la mnyama kwa vyovyote, na tulipotafuta tuliona mdomo wake chini ya kichaka upande mweupe. Chuma chenyewe kilikuwa palepale magnetomita iliposema, kidogo, karibu na juu.

Pointi 29 haikuwa na upinde hata mmoja. Tabaka za mchanga zilikuja zimenyooka, zikakatika ghafla, kukawa na vurugu kwa mita moja na nusu, kisha zikaendelea upande wa pili kwenye kina kilekile. Mtu alichimba hapa zamani, akafukia. Hiki ndicho kitu ambacho magnetomita haiwezi kukisema, na kwa mtu anayetafuta mabomu ni habari nzito, maana wakati mwingine mashimo ya namna hii ndimo masalia yalimotupwa kwa pamoja. Tumepaweka alama ya kuchimbwa mwisho kati ya pointi za leo, kwa tahadhari kubwa kuliko zote.

Mchana Mzee alichimba pointi 12 na 14. Ya kwanza ilitoa mkia wa kombora la mota, mabawa yamepinda. Ya pili kipande cha ganda kirefu kama kiganja. Vyote vilikuwa ndani ya sentimita 3 za kina nilichokiandika. Aliniletea ule mkia, akauweka juu ya mkokoteni bila kusema neno. Kwa Mzee, nadhani hizo ni pongezi.

Siku ya tano

Mvua. Tangu alfajiri hadi saa kumi. Hakuna mtu aliyetoka.

Tulikaa chini ya turubai tukisafisha vifaa. Mzee aliwahi kutumia vile vifaa vya mkononi vinavyounganisha koili ya kutambua metali na rada ndogo, kwa ajili ya mabomu ya kutegwa ya plastiki ambayo metali yake ni kama ya sindano. Alisema vinachosha masikio, kwa sababu kila kimoja kina sauti yake na unatakiwa uvisikilize vyote viwili.

Kijana alitaka kujua rada ya ardhini ilitoka wapi. Nikamwambia ninachokumbuka: Mjerumani Christian Hülsmeyer alisajili mwaka 1904 kifaa cha kutambua meli kwa miangwi ya redio, mwaka 1910 watu wawili, Leimbach na Löwy, wakasajili wazo la kutumia mawimbi hayo kutafuta vitu chini ya ardhi, mwaka 1929 mtu aitwaye Stern akapima unene wa barafu ya mlimani Austria. Mwaka 1972 chombo cha Apollo 17 kilibeba rada ya namna hii kuuzunguka mwezi na kuchungulia chini ya uso wake.

"Barafu, na mwezi," Mzee akasema, huku akisikiliza mvua ikipiga turubai. "Kwa hiyo mambo yake makubwa imeyafanyia mahali pasipo na tope."

Tulicheka. Nilipaswa kumsikiliza.

Siku ya sita

Jua limetoka, sote tuna haraka ya kufidia siku iliyopotea. Mstari wa majaribio uko kambini, dakika 40 kwenda na kurudi ukiwa na mkokoteni. Sikwenda. Udongo wa juu ulikuwa umeshaanza kukauka, mchanga haushiki maji, mashine ilifanya vizuri juzi. Sababu zote hizo nilijipa mwenyewe, hakuna aliyenishurutisha.

Pointi 31 ilikuwa upinde safi, nyeusi, nyeupe, nyeusi, umbo la kitu kirefu kwenye mistari ya mashariki na magharibi. Mwangwi ulirudi kwa nanosekunde 11. Nilizidisha kwa 12.5, nikagawa kwa mbili, nikaandika sentimita 69. Nikampa Mzee karatasi, nikaendelea na pointi 32 hadi 39.

Mzee huchimba peke yake. Sisi wengine tunarudi nyuma hadi umbali alioupanga kiongozi, na tunachoweza kufanya ni kutazama mgongo wake kwa darubini. Hachimbi juu ya pointi. Anaanza pembeni, anafungua shimo kando yake, kisha analala kifudifudi na kuusogelea ukuta wa shimo kwa ubavu, akikwangua mchanga kwa mwiko mdogo kama mtu anayekwangua magamba ya samaki. Tembe moja, anaangalia. Tembe nyingine, anaangalia. Karatasi yangu ilimwambia kwamba nusu mita ya kwanza ni mchanga mtupu. Mtu aliyeiamini angechukua koleo ili aokoe saa nzima.

Alitumia mwiko tangu juu.

Baada ya muda mrefu mgongo wake ulitulia. Akarudi nyuma polepole kwa magoti, akasimama, akaja kwetu akiwa ameshika kijiti. Alikuwa amekiwekea alama kwa ukucha.

"Umeandika sitini na tisa."

"Ndiyo, Mzee."

Akakiweka kijiti juu ya tepu. Alama ilikuwa kwenye 47.

"Lina fyuzi," akasema. "Milimita 81, limelala upande, pua inatazama juu kidogo."

Jasho jembamba lilinitoka mgongoni. Tofauti ya sentimita 22, na upande mbaya: kombora lilikuwa karibu zaidi na mkono wake kuliko nilivyomwahidi. Nilianza kueleza habari ya maji na kasi, nikaishia njiani. Hakuwa amekasirika. Alikwenda kunawa mikono.

Kiongozi alisimamisha uchimbaji wa pointi zote nilizozipima leo.

Usiku nimefungua data ya pointi 31 kwenye kompyuta. Programu ina upinde wa mfano ambao unaulaza juu ya upinde halisi, na upana wake unategemea kasi: wimbi likienda haraka upinde unakuwa mpana, likienda polepole unakuwa mwembamba. Nikauweka mfano wa 12.5. Mabawa yake yalipita nje ya upinde halisi pande zote mbili, kama nguo ya kuazima. Nikashusha kasi. 11. 10. 9. Kwenye 8.5 viliingiana kabisa, mstari juu ya mstari. Nanosekunde 11 kwa kasi hiyo ni sentimita 47, karibu nukta kwa nukta.

Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu saa nne asubuhi, kwenye upinde wenyewe. Sikuulizwa na yeyote, nami sikujiuliza.

Siku ya saba

Kabla ya kifungua kinywa nilikuwa kwenye mstari wa majaribio. Kombora letu la sentimita 50, ambalo hakuna aliyeligusa, lilirudisha mwangwi baada ya nanosekunde 11.5 badala ya 8. Juu mchanga ulikuwa mkavu hadi unapeperuka. Nilipochimba kando kwa mkono, kuanzia kiganja kimoja chini ulikuwa baridi na umeshikana.

Nimezirudia pointi 31 hadi 39 zote, kila moja kwa upinde wake. Kila kina kilipungua kwa karibu theluthi moja. Pointi 36, niliyoiandika sentimita 40, iko kwenye 27. Niliipeleka orodha mpya kwa kiongozi, ya zamani nikaikata kwa mistari miwili bila kuichana, kwa sababu ndivyo alivyotaka: kosa libaki linasomeka.

Kombora la pointi 31 halikuhamishwa. Kombora lililorushwa likagoma haliaminiki. Fyuzi yake inaweza kuwa imebakiza hatua moja tu. Mzee na mwenzake walijenga ukuta wa mifuko ya mchanga kulizunguka, wakaweka kando yake baruti ndogo ya kulilipua, wakatandaza waya hadi kwenye handaki. Tulihesabu watu. Tulihesabu tena.

Mlipuko wenyewe ulikuwa mfupi kuliko nilivyotarajia. Ardhi ilipiga nyayo kwanza, sauti ikafuata, halafu mchanga ukawa unanyesha kwenye majani kwa muda. Mzee alingoja muda wote unaotakiwa, akaenda kukagua, akarudi na kuinua kidole gumba.

Mchana pointi 40 hadi 52. Asubuhi na adhuhuri nilirudi kwenye mstari wa majaribio, dakika 40 kila mara. Kasi ilikuwa 8.7, kisha 8.9. Kijana alinung'unika juu ya magurudumu. Tukaenda hivyohivyo.

Siku ya nane

Pointi 53 hadi 63, mchanga na changarawe, hakuna la ajabu. Mizizi miwili, jiwe moja kubwa, miangwi mitatu inayofanana na makombora, na mingine midogo. Kasi 9.1.

Pointi 29 imechimbwa leo, mwisho katika kundi lake kama tulivyokubaliana. Lilikuwa shimo la takataka za wanajeshi: seng'enge, makopo, masanduku ya risasi yaliyooza. Hakuna kilichokuwa hai. Mzee alichimba hadi chini kabisa kwa mwiko uleule, siku nzima.

Jioni nimemkabidhi kiongozi faili. Safu ya kina nimeibadilisha. Mwanzo ilikuwa na namba moja kwa kila pointi. Sasa ina mbili, kina kidogo kuliko vyote kinachowezekana na kikubwa kuliko vyote, na pembeni kuna kasi iliyotumika na saa ilipopimwa. Pointi 1 hadi 11 bado zimeandikwa "rada haifai".

Mzee aliipitia akiwa amesimama, akiipeleka karatasi mbali na macho yake. Alifika pointi 57, akasoma: "Kati ya 38 na 46." Akanitazama.

"Mchimbaji aanze kuwa mwangalifu kwenye ngapi?"

"Kwenye sifuri, Mzee."

Akakunja karatasi, akaiweka mfuko wa shati, akaenda kutafuta mwiko wake.